Malindi: vijana wetu wa miaka ishirini na kitu hawatumii bangi kama zamani. Tuliongee

Mhudumu wa Mtaa (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Kila tukikaa hapa Malindi kuzungumzia bangi, swali letu ni moja: fulani anavuta au havuti? Swali hilo halitusaidii tena. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, nazunguka nyumba za Maweni na Barani, naingia mpaka uani, na ninayoyaona siyo tuliyoyazoea. Bangi ipo tangu enzi za babu zetu. Kilichobadilika ni mtumiaji mwenyewe: anatumia mara ngapi kwa wiki, kwa njia gani, kwa sababu gani, na akiwa na nani. Naona hapo ndipo inapoamuliwa kama kijana atapita au atakwama.

Zamani mvutaji alijulikana. Alikuwa mwanamume, ana maskani yake, aidha nyuma ya jengo lililoachwa au ufuoni chini ya mivinje, msokoto mmoja unazunguka kwa watu wanne watano. Harufu ilimtangaza. Mzee akipita, wanauficha. Siusifu wakati ule, maana uliwaharibu wengi. Lakini mtu alikuwa na macho juu yake. Akizidisha, wenzake walimwambia wewe leo basi, nenda ukalale.

Siku hizi kijana wa miaka 24 anaagiza kwa simu, analetewa mzigo na bodaboda, anafunga mlango wa chumba chake cha kupanga. Wengine hawavuti kabisa, wanakula: keki, biskuti, peremende. Wengine wana vepu ya mfukoni, kile kifaa cha umeme cha kuvutia mvuke, ambayo hata ukikaa naye sebuleni hushuku kitu. Na wasichana wamo, tena wengi ni wenye kazi zao, wanaolipa kodi na kusomesha wadogo zao. Nikiwauliza sababu, wachache sana wananiambia starehe. Wanataka usingizi. Wanataka kichwa kinyamaze baada ya siku nzima ya mteja wa hoteli kuwafokea, au baada ya msimu wa wageni kuisha na mshahara kukatika.

Takwimu nazo zinasema. NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipochunguza nchi nzima mwaka 2022 ilikuta asilimia 1.9 ya watu wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, yaani zaidi ya watu 500,000. Mwaka 2017 ilikuwa asilimia 1. Karibu mara mbili ndani ya miaka mitano, na hao ni wale waliokubali kusema. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kinawauliza vijana mambo haya tangu 1975. Wenye miaka 19 hadi 30 waliotumia bangi ndani ya mwaka walikuwa asilimia 29 mwaka 2011, wakafika 43 mwaka 2021. Wanaotumia kila siku au karibu kila siku walitoka 6 wakafika 11. Watoto wa shule hawakupanda hivyo. Waliopanda ni hawa waliomaliza shule, wenye hela kidogo na chumba chao.

Naitaja Marekani kwa sababu yanayoanzia kule hutufikia. Majimbo ya Colorado na Washington yalipiga kura kuhalalisha mwaka 2012, keki na peremende za bangi zikawa bidhaa ya dukani, zikapakiwa vizuri kama za watoto. Leo binti wa Malindi anaziona kwenye simu yake kila siku, na kuna mtu wa mtaani anayezipika.

Wenzangu wa Watamu, Mambrui, Lamu, kwenu kukoje?

Bwana Mambrui

Dada, mbona unazunguka mbuyu? Sisi tumelelewa tukijua kilevyacho ni haramu, kingi chake na kichache chake. Ukianza kumwuliza kijana anatumia mara ngapi, umeshamruhusu. Kazi ya mzazi ni kukataza na kazi ya polisi ni kushika. Tukilegeza hapo tumekwisha.

Mhudumu wa Mtaa

Kaka, hukumu ya dini siigusi, na mimi mwenyewe ndiyo ninayoifuata. Katazo linamfaa sana ambaye hajaanza. Mimi namkuta aliyekwisha anza, tena mtu mzima, ana kitambulisho na kura. Nikimwingilia na hukumu ananiitikia "naam dada", ananifungulia geti nitoke, na mwezi ujao hanifungulii.

Kuhusu polisi, ni vizuri watu waijue sheria ilivyo. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilikuwa inasema aliyekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe anaweza kufungwa miaka 10. Marekebisho ya 2022 yaliipunguza: kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Imepungua, lakini ni kosa la jinai bado. Kinachoniuma ni kinachofuata. Kijana wetu ndoto yake ni Qatar au Saudia, na wakala wa kwanza anamwomba cheti cha tabia njema kutoka polisi. Msokoto mmoja unamfungia mlango ambao familia nzima ilikuwa inautazamia. Wanaoomba kazi za melini nao hupimwa mkojo, na anayetumia kila siku anaweza kuonekana hata wiki kadhaa baada ya kuacha. Vijana wengi hawalijui hilo, wanadhani siku tatu zinatosha.

Dereva wa Casuarina

Acha na mimi niseme, maana mnatuongelea kama hatupo. Nina miaka 27, naendesha tuktuk. Navuta. Navuta jioni nikishapeleka hesabu kwa mwenye gari. Sijaiba, sijampiga mtu, mama yangu namtumia pesa kila wiki. Mnazi na pombe za mifuko zimezika wangapi mtaani kwetu? Bangi imezika nani? Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alitaka kupeleka mswada wa kuihalalisha bungeni mwaka 2018, Profesa Wajackoyah akagombea urais 2022 akiahidi hadharani kuihalalisha. South Africa mahakama ya katiba iliruhusu mtu mzima kutumia faraghani kwake tangu 2018. Kenya tu ndiyo tunaogopa jani.

Mhudumu wa Mtaa

Ahsante sana kwa kujitokeza. Nakuheshimu kwa kusema wazi, na naomba asitokee mtu wa kumtukana ndugu huyu. Niruhusu nikuulize bila hukumu. Ni kila jioni? Ni kiasi kilekile cha mwaka wa kwanza? Ukikosa, inakuwaje? Unavuta na wenzako au peke yako?

Dereva wa Casuarina

Kila jioni, ndiyo. Zamani tulikuwa tunavuta watu wengi Ijumaa na Jumamosi tukitoka mpirani. Sasa ni mimi na simu yangu. Kiasi kimeongezeka, sitadanganya, ule mmoja wa zamani siku hizi hausikiki. Nikikosa siku mbili nakuwa mkali, abiria akichelewa kutoa nauli naona kama amenitusi. Chakula hakishuki. Usingizi ndiyo hakuna kabisa, na ukija unakuja na ndoto nzito. Ndiyo maana nasema inanisaidia kulala.

Mhudumu wa Mtaa

Hapo ndipo nilipotaka tufike, na umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Ukali, kukosa hamu ya chakula, usingizi kupotea, ndoto nzito: hizo ni dalili za mwili uliozoea bangi kunyimwa bangi. Huanza ndani ya siku moja au mbili, wiki ya kwanza ndiyo ngumu, kisha nyingi hupungua ndani ya wiki mbili, ingawa usingizi unaweza kuchukua muda zaidi kukaa sawa. Mtu akijaribu kuacha, usiku wa tatu anajiambia "unaona, bila hii silali", anarudi. Kumbe ule usiku wa tatu ulikuwa njia ya kutokea. Ukiijua mapema unaweza kuivuka.

Sikuiti mlevi wala mhalifu. Nasema ulipotoka Jumamosi na wenzako ukaingia kila jioni peke yako, jambo lilibadilika, na hakuna aliyekuambia kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Mabadiliko haya ni ya dunia. Huko Marekani mwaka 2022 wanaotumia bangi kila siku au karibu kila siku walifika milioni 17.7, wakawazidi kwa mara ya kwanza wanaokunywa pombe hivyo, waliokuwa milioni 14.7. Wanywaji kwa jumla bado ni wengi kuliko watumiaji wa bangi. Ila mnywaji wa kawaida hunywa siku moja moja, na wa bangi amegeuka kuwa wa kila siku.

Tena bangi yenyewe imekuwa kali. Ile iliyokamatwa na kupimwa kule Marekani mwaka 1995 ilikuwa na asilimia 4 hivi ya THC, ile kemikali inayolevya. Mwaka 2021 ilipita asilimia 15. Anayesema "hata mzee wangu alivuta akafika miaka themanini" asidhani anavuta kitu kilekile.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nimesoma nikaona lazima niandike. Nafanya kazi hospitalini, sitasema ipi. Mambo mawili nataka wazazi na vijana wayajue.

La kwanza ni keki. Tulipokea binti wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake. Alipewa kipande, akala. Ikapita nusu saa hasikii kitu. Akasema hii mmenipa keki tupu, akala kipande cha pili. Ilipompanda ilimpanda yote kwa pamoja. Alifika kwetu ameshika kifua, moyo unakwenda mbio, mikono baridi, anamwambia kila anayepita "mwambieni mamangu nakufa". Mwenzake aliyemleta alikuwa anaogopa kutaja bangi, kwa hiyo tukaanza kutafuta ugonjwa wa moyo. Ilipofika saa nane za usiku ndipo alipotuambia kwa kunong'ona pale mlangoni. Tulimweka chumba chenye utulivu, tukamwangalia, asubuhi akaamka sawa.

Ukivuta, unasikia ndani ya dakika chache. Ukila, inapita tumboni na kwenye ini kwanza, na ini huigeuza ikawa na nguvu zaidi. Inachukua nusu saa hadi saa mbili kuanza, na inaweza kukaa saa nane au zaidi. Kile kipande cha pili ndicho kinachowaleta watu kwetu. Na tafadhali, anayemleta mgonjwa aseme alichokula. Tunachotaka ni kumtibu.

La pili halijulikani kabisa huku. Kuna vijana wanatapika. Asubuhi wanatapika, tumbo linauma, wanakonda. Wamepimwa vidonda vya tumbo, malaria, homa ya matumbo, hakuna kitu. Nyumbani wanasema amelishwa kitu, wanampeleka kwa mganga, wengine wanasomewa. Ukikaa naye unagundua kitu kimoja: anaoga maji moto mara nyingi kwa siku, kwa joto hili la Malindi, kwa sababu akiwa chini ya maji moto kichefuchefu kinatulia. Huo ni ugonjwa wa watu waliotumia bangi sana kwa muda mrefu. Madaktari wa Australia waliueleza mwaka 2004. Kinachoponya ni kuacha. Na wengi hawaamini, kwa sababu wamesikia bangi inazuia kutapika, ambayo kwa wagonjwa wa saratani ni kweli. Kwa hiyo wanaongeza.

Bwana Mambrui

Sikujua hili la maji moto. Kuna kijana kwetu nyumba ya jirani yuko hivyo hivyo, mama yake amemaliza mbuzi kwa waganga. Nitakwenda kumwona kesho baada ya alasiri.

Nahodha wa Langoni

Salamu kutoka Lamu. Kwetu mji ni wa vichochoro, nyumba zimegusana, ukikohoa Langoni unasikika Mkomani. Kwa hiyo siri ni ngumu, na vijana wamehamia juu ya mapaa, au wanavuka kwenda Manda, au wako na wageni kule Shela. Wale wa mashua za watalii ndio wa kwanza kuleta mitindo mipya, mgeni anakuja na vepu yake anamwachia kama zawadi.

Lakini ninalotaka kulisema ni kazi. Baada ya watu wenye silaha kushambulia Mpeketoni, mji wa Lamu bara, mwaka 2014 ikaja amri ya kutotoka usiku, wageni wakakimbia, wavuvi wa usiku wakakaa pwani wakitazama maji. Mvuvi wa miaka 20 aliyezoea kutoka magharibi na kurudi alfajiri, ghafla usiku wote ni wake na hana la kufanya. Nilikuwa na vijana kwenye chombo changu, niliwaona. Aliyekuwa anavuta mara moja moja wakirudi na samaki alianza kuvuta kila usiku barazani, baadaye akaacha baraza akaenda kuvuta peke yake. Kazi ziliporudi, wengine walirudi baharini nao, wengine mikono ilikuwa imeshakuwa mizito. Mwaka 2020 corona ikatupiga tena vilevile. Wanaosema vijana wameharibika tu wenyewe, wahesabu na usiku tulionyang'anywa.

Mtu wa Watamu

Na muguka je, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa yanayomfanya mtu akeshe? Mwezi wa tano 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi waliupiga marufuku, mahakama ikasimamisha. Huku kwetu anatafuna muguka mchana kutwa, usiku macho makavu, halafu anatafuta bangi imshushe. Huwezi kuongelea moja ukaacha nyingine.

Mhudumu wa Mtaa

Kweli kabisa. Ndiyo maana nikikaa na kijana nauliza na anachanganya na nini. Wengine wanaongeza vidonge vya usingizi, wanaviita mabugizi, na hapo hatari ni nyingine kabisa.

Mzee wa Shella ya Malindi

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni wa rika lililoona unga, yaani heroini, ukiingia Malindi. Watu wetu wengi hawakuanza na sindano. Walianza na kokteli: bangi imesokotwa, ndani imenyunyizwa unga. Wengine walijua, wengine walipewa na rafiki wakidhani ni bangi ya kawaida. Tulizika vijana wa mtaa mmoja kwa kufuatana. Mwaka 1995 ndipo Omari Project ilipoanzishwa hapa kwetu kuwasaidia, na siku hizi hospitali yetu kuna kliniki ya methadoni.

Kwa hiyo ndugu wa tuktuk, mwanangu, sisemi kila avutaye bangi ataishia kwenye unga, wengi hawafiki huko, mimi nimewaona. Nakuomba jambo moja tu: usivute ulichosokotewa na mwingine.

Dereva wa Casuarina

Nimekusikia mzee. Shikamoo.

Na dada mhudumu, hiyo methadoni inaweza kunisaidia mimi? Au kuna kidonge cha kuacha bangi?

Mhudumu wa Mtaa

Hapana. Methadoni ni ya waliozoea heroini na jamii yake, haina kazi kwa bangi. Mpaka sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuacha bangi. Kinachosaidia ni kuzungumza na mshauri nasaha kwa wiki kadhaa mfululizo, na mipango midogo ya nyumbani. Huhitaji kuanza kwa kuapa. Anza na siku mbili za wiki usizovuta, ukiwa umejiandaa kwa usingizi mbovu. Siku hizo usiwe peke yako jioni, rudi mpirani. Usinywe chai nzito wala kutafuna muguka mchana wake. Na usishike tuktuk ukiwa umevuta, hata kama unaona uko sawa, kwa sababu mguu wa breki unachelewa wewe hujui. Nambari ya NACADA ni 1192, haina malipo, unaongea bila kutaja jina.

Dereva wa Casuarina

Jumatatu na Jumanne. Ndizo siku biashara ni ndogo. Nitarudi hapa kusema.

Mama wa Ngala

Mimi nina binti wa miaka 22, anafanya kazi saluni. Juzi nimepata hizo peremende kwenye mkoba wake, nimezirudisha palepale, sijasema kitu. Baba yake akijua atamfukuza. Nikinyamaza naogopa, nikisema naogopa. Nianzie wapi?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mama, kwanza jua kama anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, au anaona watu wanamfuatilia, au kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua akili. Wanaotumia kila siku bangi kali wako kwenye hatari zaidi ya kuchanganyikiwa, na mwenye historia ya ukoo ni zaidi. Ukiona dalili hizo usingoje, mlete hospitali. Na kama kuna watoto wadogo nyumbani, mwambie peremende hizo zifungiwe juu, mtoto hajui tofauti, na kwa mtoto mdogo ni dharura.

Mhudumu wa Mtaa

Naongezea. Usimwanzie mbele ya watu, wala usiku amechoka. Ngoja siku yake ya mapumziko, mkiwa mnasuka au mnakuna nazi, mikono ina kazi. Usiseme "nimekushika". Mwambie umeziona, umezirudisha, na hujamwambia baba. Kisha muulize, siku hizi unalala vipi? Akikujibu, nyamaza mpaka amalize. Halafu muulize ni mara ngapi kwa wiki, na nani anamuuzia. Ukijibiwa hayo uniandikie kwa faragha hapa hapa, nitakuja nyumbani kama ninavyokuja kupima presha, hakuna atakayeuliza nimefuata nini.